Mikia ya Zamani na Sindano ya Loisi Chedego

Saa moja asubuhi, upepo wa Agosti 1995 umeshaanza kurusha vumbi. Loisi Chedego ameketi juu ya boksi la barafu, sindano zake zimechemshwa na kupangwa. Mbele yake kuna kibanio, ile njia nyembamba ya magogo wanamopita ng'ombe mmoja mmoja. Kibanio kiko tupu.

Ndani ya boksi kuna chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Ni unga mkavu ndani ya vichupa vidogo. Ukishachanganywa na maji lazima utumike palepale, ukichelewa, unaumwaga. Kwa hiyo Loisi hachanganyi kitu. Anatazama tu njia inayotoka kwa Mzee Mazengo.

"Akija yeye, watakuja wote," anasema. "Asipokuja, narudi Bahi na barafu yangu, na ugonjwa uko kijiji cha pili. Wenyewe hausubiri mkutano."

Loisi, mwenye umri wa miaka 47, ni mhudumu wa mifugo katika kijiji kimoja pembezoni mwa mbuga ya Bahi. Wanakijiji humwita bibi mifugo. Jina hilo lilianza kama utani wa wanaume walioshangaa kumwona mwanamke akimshika dume puani. Siku hizi ni cheo kamili.

Kuhusu mshahara hapendi maneno mengi. "Ungetosha, ungekuwa wa mtu mwingine," anasema, na kugeuza mazungumzo.

Homa ya mapafu ilikuwa imesahaulika nchini kwa miaka mingi. Sasa imerudi, na tangu biashara iachiwe huria, ng'ombe ananunuliwa mnada huu leo na wiki ijayo anauzwa mkoa mwingine, huku akikohoa. Ikiingia zizini haichagui ng'ombe wa tajiri wala wa mjane.

Mwezi uliopita mtaalamu kutoka wilayani alikuja kueleza haya yote, na aliyaeleza vizuri. Akamalizia kwa kusema chanjo haina madhara yoyote. Mzee Mazengo, mwenye zizi kubwa kuliko wote kijijini, akasimama na kuuliza swali moja.

"Na mikia?"

Mtaalamu akacheka. Alidhani mzee anatania. Watu wakakung'uta nguo zao, wakaenda makwao. Siku ya chanjo ilipofika, hakuja hata ndama.

Habari ziliposambaa mjini, zilisema wafugaji wa huko wamekataa sayansi. Maneno hayo ni ya watu waliochoka kufikiri, na hakuna haja ya kuyapamba.

"Nani kakataa sayansi?" Loisi anauliza kwa ukali kidogo. "Walikuwa wanadai jibu. Ila yule bwana simlaumu. Hata mimi ningecheka, kama si mahari yangu."

Mahari yake ina kisa chake. Zamani, chanjo ya ugonjwa huuhuu ilichomwa kwenye ncha ya mkia. Ng'ombe waliokoka, lakini baadhi yao mkia ulivimba, ukaoza, ukadondoka. Kwa daktari, ng'ombe mzima asiye na mkia ni kazi nzuri. Kwa mzazi anayemtafutia mwanawe mke, huyo ni ng'ombe atakayerudishwa.

Mwaka 1966, ukoo wa mume wa Loisi ulipoleta ng'ombe wa mahari, baba yake aliwakagua na kuwatoa wawili wenye mikia mifupi.

"Alisema, huyu hata inzi wake hawezi kumfukuza, mimi atanifaa nini?" Loisi anacheka mpaka anashika mbavu. "Harusi ikasubiri mavuno mengine. Nililia, we acha tu."

Ndiyo maana wiki mbili zilizopita aliitisha mkutano mwingine, akaanza na jambo ambalo hakuna mtumishi aliyewahi kulitamka pale. "Wazee wangu, mikia ilikatika. Mimi ni shahidi."

Akawaeleza kwamba siku hizi sindano inapigwa nyuma ya bega, mkia hauguswi. Lakini akawaambia pia kwamba wachache watavimba hapo begani, na akivimba mmoja, yeye Loisi aitwe, hata kama ni Jumapili.

"Zamani mlitukatia mikia bure," mmoja akadakia kutoka nyuma. "Leo tunawalipa shilingi mia mtutie majipu!" Mkutano mzima ukacheka, na Loisi naye akacheka.

Mzee Mazengo hakucheka. "Sasa umesema kweli," alisema. "Lakini huyo atakayevimba, nani atampokea kwenye mahari?"

Loisi anasema hapo ndipo alipouelewa ubishi wote. Watu walijua chanjo inafanya kazi. Wazee walikuwa wameiona kwa macho yao. Walichobishania ni nani atabeba hasara, na jibu la hilo halikuwa ndani ya boksi lake la barafu.

Akawaomba wenye mabinti wa kuolewa wasimame. Akawauliza wao. Walibishana mpaka ng'ombe wakarudi kutoka malishoni, wakafikia neno moja: ng'ombe mwenye uvimbe wa chanjo hakataliwi kwenye mahari.

Neno limetolewa, lakini halijajaribiwa. Ndiyo maana asubuhi hii Loisi hatulii.

Hatimaye kengele zinasikika. Ng'ombe wa Mzee Mazengo wanateremka, yeye nyuma yao na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Barafu haijayeyuka?"

"Haijayeyuka."

"Basi koroga."

Loisi anakoroga. Kufikia saa nne vumbi limemfanya mwekundu, na mazizi mengine matano yamefuata. Kati ya sindano na sindano anaeleza mpango wake: mwezi ujao aende vijiji jirani, na huko aanze na mazungumzo ya mahari kabla ya kufungua boksi.

Mara Marko anamsogelea. Huyu ni baba wa kijana anayemposa Emilia, binti wa mwisho wa Loisi. Ng'ombe wake wote wamepita, isipokuwa mitamba minne aliyoitenga kando.

"Mama Emilia," anasema kwa sauti ya chini, "hawa ndio wanaokuja kwenu. Nimeona tusiwaguse, wafike wakiwa safi."

Ni heshima, na imetoka moyoni. Lakini Mzee Mazengo ameshageuka kutazama, na wenye mazizi wengine wamesogea karibu. Mitamba hii ikirudi nyumbani bila sindano, kesho kila mtu atakuwa na wake wa kuficha.

"Walete," Loisi anasema, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Wakivimba je? Mashemeji zako watasemaje?"

"Wakivimba, waje na uvimbe wao. Nimewaambia wenzangu wapokee, mimi nikatae? Siku hiyo mlango wa zizi nitaufungua mwenyewe."

Marko anasita kidogo, kisha anaiswaga mitamba kuelekea kibanioni. Loisi anabadilisha sindano.

"Anza na yule mwekundu," anasema. "Huyo ndiye niliyempenda."