Lastiki ya Sketi Yangu

Juzi, huko mtaa wa Area 18 mjini, nilimwona fundi bomba amevaa taa ya kichwani, nikacheka peke yangu njiani kwa kukumbuka mchana mmoja wa zamani.

Mchana ule wa mvua, chumba chetu kisicho na dirisha katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kilinuka udongo mbichi. Wazazi walikuwa wameshafariki, na mimi dada mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, nilikuwa nashona gauni la mdogo wangu Neema, ambaye alikuwa aimbe kanisani alasiri ileile. Yeye alinishikia tochi, lakini alikuwa akijifunza wimbo wake, na mwanga ukacheza naye.

"Neema, tulia. Nitashona kidole."

"Yaya, si mi. Ni wimbo njo inanichezesha."

Nikachomoa lastiki kiunoni mwa sketi yangu, nikafunga tochi kwenye paji la uso. Mikono yote miwili ikawa huru. Niliamini mwanga sasa unatoka machoni mwangu, kwa hiyo kila nilipopumzika nilifumba macho ili betri zisiishe.

Gauni lilikamilika. Neema aliimba bila kukosea hata neno, na kanisa zima likampigia makofi. Mimi nilimpungia mkono mmoja tu, kwa sababu wa pili ulikuwa umeshikilia sketi.