Kilio cha Dakika Kumi na Moja

Watu wa rika langu hapa Kaloleni, mtaa wa mji wetu wa kando ya ziwa, wananikumbuka kama mtu wa harusi. Katika miaka ya themanini nilikuwa na kamera ya video, ile kubwa ya kubeba begani, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akihama mji. Kila mwisho wa juma niliitwa mahali, kwa Waislamu na kwa Wakristo, na kote nilipokewa vizuri. Sahani yangu ililetwa pale nilipokuwa nimesimama, kwa kuwa mpiga picha haketi mkekani na wageni. Karibu miaka kumi nilikula pilau nimesimama, nikiwatazama watu kupitia tundu dogo, na Alhamdulillahi, watoto wangu walisoma kwa kazi hiyo.

Lakini nilitaka kutengeneza filamu yangu mwenyewe. Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye habari hiyo. Mjini kote sikumjua mwingine aliyekuwa akiandika filamu. Kama alikuwepo, basi naye alikuwa amejifungia kama mimi. Niliandika kwenye daftari la shule baada ya sala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Siku moja nilimsomea mke wangu kurasa za mwanzo akichambua mchele.

"Huyo mtu yupo?" akauliza.

"Hayupo. Nimemtunga."

"Subhanallah! Na watu wa kweli walivyojaa hapa?"

Hakusema kwa ubaya. Alirudi kwenye mchele wake, nami sikumsomea tena.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mvuvi anatoka asubuhi na harudi. Mwili haupatikani. Majirani zetu Wajaluo, mtu akizama namna hiyo, huzika tunda la mti wa yago mahali pake. Ni tunda refu, zito, lenye kimo cha mtoto mchanga, na huliliwa kama mtu. Nimekulia miongoni mwao na lugha yao naijua, na tangu utotoni nilikuwa nikiwaza juu ya mke anayetazama tunda likishushwa kaburini. Filamu yote niliiandika kwa ajili ya onyesho hilo moja. Bila hilo, yaliyobaki yalikuwa picha za maji na nyavu.

Mvuvi aliigizwa na mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa miaka thelathini hivi, mpole, ambaye alikuja Jumapili baada ya Jumapili bila kuombwa mara mbili. Kwa kilio cha mazishi nilipata mama mmoja muuza samaki wa Nyalenda, aliyesifika kwa kulia matangani. Watu walimwita kutoka mbali. Alipoanza yeye, hata wasiomjua marehemu walitoa leso.

Tulipiga onyesho la mazishi nyuma ya Dunga, kwenye ufuo wa wavuvi, katika shamba la mtu aliyetuonea huruma. Mazishi ya mvuvi hayakumhitaji mvuvi, lakini mwalimu alikuja hivyo hivyo, akasimama kando yangu akiikinga kamera na jua kwa mwavuli. Akina mama waliokuja kuigiza waombolezaji walimcheka.

"Mzee, maiti yako inakula mandazi!" akapaza sauti mmoja.

"Wacha akule," akajibu mwingine. "Huko chini hakuna chai."

"Na mwavuli je? Anaogopa kuchomeka na ameshakufa!"

Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka mwavuli ukatikisika. Kisha nikaomba kimya, nikabonyeza kitufe, na mama wa Nyalenda akaanza.

Mwanzoni alilia kama nilivyomwelekeza, kwa jina nililompa mvuvi wangu. Alilitaja mara mbili, tatu. Sauti ilikuwa kubwa, lakini haikuwa na kitu ndani yake, na yeye mwenyewe alijua, kwa maana alinyamaza kidogo, akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo. Macho yake yakatua kwa yule aliyeshika mwavuli. Akajitupa chini kando ya kaburi la tunda, akamlilia mwalimu. Alimtaja kwa jina lake, kwa jina la baba yake, kwa ukoo na kijiji chake. Alimuuliza ni nani atawafundisha watoto kusoma. Alimuuliza kwa nini amemwacha mama yake na boma lisilo na mwanamume. Akina mama wengine, waliokuwa wakicheka muda mfupi kabla, wakaitikia kwa kilio cha kweli.

Nilielewa kila neno. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilihisi kivuli cha mwavuli kikiondoka juu ya kamera na jua likinipiga shingoni, na sikugeuka kumtazama aliyekiondoa. Niliendelea kupiga. Katika miaka yangu yote na kamera sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile, na niliogopa kisingerudi.

Nilipozima, mwalimu alikuwa ameshaenda. Mwavuli ulikuwa umelala nyasini, umefungwa vizuri.

"Mama, kwa nini yeye?" nikamuuliza yule mama. Alikuwa akijipangusa vumbi, amechoka, na aibu kidogo usoni.

"Baba, hiyo jina yako haina baba," akasema. "Haina kwao. Mimi nitamlilia mtu wa wapi? Nilitafuta ndani yake, sikupata mtu."

Alisema kweli. Nilikuwa nimeandika miaka minne bila kumpa mvuvi wangu babu, wala kijiji, wala mama. Kwa kutokuwa na wa kunisomea kazi yangu, sikuwa nimeambiwa.

Siku ya tatu alikuja mama yake mwalimu. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na alikataa kiti mpaka mke wangu alipomshika mkono.

"Mzee, mimi nimeambiwa mtoto wangu ameliliwa," akasema. "Anatembea, anakula, na ameshaitwa kaburini na jina yake yote. Yeye anasema si kitu, ni mchezo. Lakini halali. Hiyo kilio iko wapi sasa?"

"Iko kwenye kanda, mama."

"Ukiwasha, inalia tena?"

"Ndiyo."

"Kila mara mtu akiwasha?"

Sikuweza kusema hapana. Nilimweleza kwamba ni filamu tu, kwamba nimeifanyia kazi muda mrefu, kwamba bila sehemu ile hakuna filamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kuliko nilivyostahili.

"Mimi sijui filamu," akasema. "Yeye ndiye nimebaki naye."

Nilitoka nje, nikasimama uani. Ninayoyaamini ni kwamba ajali ya mtu, yaani saa yake ya kufa, iko mikononi mwa Mungu, na hakuna kilio kinachoweza kuisogeza hata kwa saa moja. Ningeweza kumwambia hivyo, na ingekuwa kweli. Lakini nilijua pia kwamba mimi nilisikia jina la mtu hai likililiwa na nikaendelea kwa sababu ya uzuri wake, na kwa hilo sikuwa na jibu la kumpa Mola wangu.

Nilirudi ndani. Niliweka kanda kwenye kamera, nikafunika lenzi kwa kifuniko chake, nikachomoa waya wa kinasa sauti, nikaanza kurekodi giza juu ya mazishi. Zilikuwa dakika kumi na moja. Yule mama aliketi akitazama taa nyekundu ya kamera, midomo ikicheza kwa sala yake, na mimi nilikuwa na yangu. Ilipozimika aliuliza, "Imeisha?" Nikasema imeisha. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka.

Mwalimu hakurudi, nami sikumwita. Yule mama wa Nyalenda alisema hawezi kulia mara ya pili kwa jambo lile lile. Nilingoja, nikidhani Mungu atafungua mlango, na katika kungoja miaka ya tisini ikafika, na gugumaji likafunika ufuko wote. Nilipopeleka kamera Dunga tena, pale palipokuwa na maji palikuwa na kijani kama shamba. Picha mpya zisingeungana na za zamani hata kidogo.

Basi niliunganisha nilichokuwa nacho, kwa mashine mbili za video na waya kati yake. Nilikionyesha alasiri moja kwenye ukumbi wa mtaa, kwa televisheni niliyoibeba kutoka nyumbani. Walikuja watu ishirini na kitu, wengi wakidhani ni harusi ya mtu wanayemjua. Mvuvi alitoka asubuhi, mke alitazama maji, kisha ikaisha.

"Mzee," akauliza mtu wa nyuma, "sasa huyo jamaa alikufa ama aliponea?"

"Yuko hai," nikasema. "Anafundisha darasa la tano."

Walicheka sana, wakadhani ni mzaha, wakatoka wakizungumza mambo mengine. Mimi nilibaki nikikunja waya. Sala ya alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa, nami nilisali mle ukumbini, peke yangu, nikamshukuru Mungu kwa uhai wa yule mtu. Filamu nyingine sikutengeneza.