Kamera Niliyoianika Pamoja na Kahawa

Nilifika Litembo kwa sababu bodaboda ya kwanza kusimama mbele yangu asubuhi ile, pale stendi ya Mbinga, ilikuwa inaelekea huko. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na begi na simu mpya, ya kwanza maishani mwangu yenye kamera.

Nilipata kibarua cha kuchuma kahawa kwa bibi mmoja, akanipa na pa kulala. Alipoiona simu aliomba jambo moja tu: picha nzuri ya kumpelekea mwanawe aliye mbali, ambaye mara ya mwisho alimwona mama yake nywele zingali nyeusi.

Akaoga, akavaa kitenge cha kanisani, akaketi mlangoni. Picha ikatoka ukungu mtupu.

Shule niliiacha mapema, lakini sipendi kukosa jibu. "Kamera imeshika unyevu, bibi," nikasema. "Ukungu wa huku unaingia mpaka ndani. Inabidi ianikwe."

Aliniamini, maana kahawa nayo huharibika hivyohivyo. Tukailaza simu juu ya kichanja, katikati ya kahawa iliyooshwa. Kila alipoigeuza kahawa aliigeuza na simu. Mawingu yakija, alifunika simu kwanza, kahawa baadaye. Jioni akavaa tena kitenge. Ukungu. Kesho yake vilevile.

"Fundi, bado haijakauka tu?" jirani akanitania kutoka shambani kwake. "Ikoboe basi!"

Bibi hakucheka. Aliitazama ile picha. "Basi, mjukuu wangu. Pengine ni mimi nimeshafutika."

Alfajiri niliondoka bila kuaga, nikateremka ziwani hadi Liuli.

Mwenye nyumba ya wageni niliyofikia, mama wa makamo, alikuwa akianika dagaa uani. Alinionyesha chumba. Nikamwambia ningepiga picha ziwa, ila kamera yangu mbovu. Akaichukua simu, akaigeuza.

"We kaka! Umeivalisha nguo, halafu unataka ione?"

Kwa ukucha akabandua kwenye kioo cha kamera kipande cha nailoni kilichotoka nayo dukani. Nilikuwa nimekiacha makusudi, kama tunavyoacha nailoni kwenye viti vipya visichakae. Nikaielekeza kamera kwa wale dagaa. Kila mmoja alionekana na jicho lake.

Uso ukanishuka.

"Haya, unakaa siku ngapi?"

"Leo tu, mama," nikasema. "Kesho narudi Litembo. Gari la kupanda Mbinga linaondoka saa ngapi?"