Glovu za Yaya Kambale

Nilipokuwa msichana mdogo nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua kilichomo ndani ya kila kitu. Nilikwisha kufungua redio ya baba, nikachapwa. Kwa hiyo glovu za kaka yangu Kambale, ambazo sikuruhusiwa hata kuzigusa, hazikuniacha nitulie.

Yaya Kambale, maana kwetu kaka mkubwa huitwa yaya, alikuwa kipa wa timu ya mtaa wetu hapa Butembo. Timu ilikuwa ya mnunuzi mmoja wa dhahabu ya Manguredjipa, ambaye sote tulimwita Président. Yeye ndiye aliyenunua jezi na viatu, na mwaka ule alikuwa anautaka ubunge, basi kila nyumba ilikuwa na kalenda yenye uso wake. Mwanzoni mwa msimu alimleta mganga mzee kutoka machimboni. Mzee akashona kitu ndani ya glovu ya kulia, akaacha masharti mawili: zisifuliwe mpaka msimu uishe, na zisiguswe na mwanamke. Kabla ya kila mechi Président alizinusa mwenyewe, na harufu ikimpanda puani, alitabasamu. Jamani, zilinuka! Mama alikataa zilale ndani ya nyumba, zikawa zinatundikwa kwenye banda la mbuzi. Lakini hata yeye, mwimbaji wa kwaya ya parokia, alipita mbali nazo.

Miezi ikapita, vidole vya Yaya vikatoka vidonda. Akawa anakula bugali kwa mkono wa kushoto, na mama akajifanya haoni. Kisha tukasikia kwamba Jumapili inakuja timu ya Beni, na uwanjani atakuwepo mgeni kutoka Kampala anayetafuta kipa kijana. Yaya alikuwa hajafika mbali zaidi ya uwanja wa ndege wa Mavivi, alikokwenda kutazama ndege zikiruka. Aliitaka Kampala mpaka akapunguza maneno.

Nilivihurumia vidole vyake. Na nikiri, nilitaka pia kujua kilichomo.

Jumamosi nilizibeba hadi kijitoni, nikafumua uzi wa glovu ya kulia. Ndani mlikuwa na unga wa makaa uliokunjwa kwenye karatasi ngumu, na karatasi ile ilikuwa kipande cha kalenda ya Président: jicho moja na nusu ya pua. Je, ndiye aliyetaka awekwe humo, au mzee alikosa karatasi nyingine? Hadi leo sijui. Niliumwaga unga kwenye beseni, nikazifua humo kwa sabuni ya kipande, maji yakawa meusi. Nikayamwagia shina moja la maharage, nikarudi kulichungulia mara nne. Halikufanya lolote.

Asubuhi ya mechi Yaya alitoka bandani ameshika glovu safi, uso umemshuka.

“Masika, ni weye ulifula hizi glovu?”

“Njo miye. Vidole yako ilikuwa inaoza, Yaya.”

“Président akisikia harufu ya sabuni, atanitosha mu équipe, atanifukuza leo leo! Na ule mutu wa Kampala ataona nani?”

Nililia. Hakunipiga. Alizitazama glovu, akawatazama mbuzi, kisha akapiga magoti bandani. Mimi nikachukua ya kulia, yeye ya kushoto, tukazipaka kinyesi kwa nje mpaka sabuni ikapotea. Ndani tuliziacha safi.

“Hapana ambia mutu,” akasema. “Ata mama.”

Uwanjani Président alinusa, akakunja uso, akacheka kwa furaha. “Ah! Dawa iko na nguvu!”

Siku ile Yaya alidaka kila kitu, hata penalti. Tulishinda bao moja kwa bila. Mgeni wa Kampala akavuka uwanja moja kwa moja kuja kumwomba Président ampe Yaya, nami nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwao, nimeshika kitenge cha mama.

“Huyu?” Président akamweka Yaya mkono begani. “Hapana, bwana. Dawa yangu yote iko mu mikono yake. Aende nayo wapi, na uchaguzi inakuya?”

Bila saini yake mchezaji hakuweza kuhama, na saini hakuitoa. Sentensi moja tu ingetosha: hakuna dawa, niliifua jana. Nilimwangalia Yaya. Akatikisa kichwa kidogo sana, nami nikanyamaza. Mgeni akamchukua kipa wa Beni.

Président aliupata ubunge, na jezi mpya hatukuziona tena. Siku hizi nikitazama mpira kwenye televisheni, wanangu huniuliza kwa nini wakubwa wa nchi hukaa karibu na kombe, na kwa nini nchi nzima inunue timu ya mji wa mbali. Nawaeleza ninavyoweza. Moyoni namwona mtu mmoja anayenusa glovu.

Yaya anauza vipuri vya pikipiki, na Jumamosi hufundisha watoto kudaka. Glovu zao anawafulisha kila wiki. Juzi nilimuuliza kama bado ananikasirikia.

“Juu ya nini?” akasema. “Siku ile nilidaka yote, juu mikono haikuniuma.”

Nilishukuru, lakini jambo lile halijanitoka. Usichana wangu wote niliogopa kwamba kufua kwangu ndiko kulikomnyima Kampala. Kilichomnyima ni kule kuzichafua tena, Président akaamini dawa ingalimo, na ile ya kulia niliipaka mimi.