Mishono ya Mzee Nyongeza

Mwanafunzi aliyepita mikononi mwa Mama Fumua hasahau sauti ya wembe ukikata uzi. Alifundisha ushonaji kwenye chumba cha nyuma cha shule ya ufundi, vyerehani vya miguu vimepangwa ukutani, na ukimsikiliza kutoka mlangoni ungedhani anajua neno moja tu. Pindo limepanda upande mmoja? Fumua. Zipu imekunja uso? Fumua. Shati limekaa vizuri, linapendeza, ila ncha moja ya kola imeizidi ya pili kwa unene wa uzi? Hilo alilifumua mwenyewe, tena kwa raha zake, huku mwenye shati akilengwalengwa na machozi. Jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Hata mkuu wa shule alimwita Mama Fumua, na yeye akaitika.

Mumewe alikuwa kinyume chake kabisa, na watu hawakuacha kujiuliza hawa wawili walionana wapi. Alikuwa na bucha. Akishakupimia nyama yako na mizani ikatulia, alikata kipande kingine bila hata kutazama, akakitupia juu: "Nyongeza hiyo, usije ukanitangaza." Mtaa mzima ulikuwa umeshatangaziwa, ndiyo maana ukamwita Mzee Nyongeza. Jioni alirudi na koti lake jeupe limefungwa vifungo mrama, na mkewe alimsimamisha mlangoni, akamfungua vyote, akamfunga upya kama mtoto wa chekechea, ndipo amruhusu kulivua. Kulikuwa na maana gani kufunga koti linalovuliwa, usiniulize. Ndivyo walivyopendana.

Kiharusi kilimkuta Mzee buchani, kisu mkononi, katikati ya utani ambao hakuumaliza. Upande wa kulia ukalala. Mdomo ulirudi upesi, maana mdomo ule haukuwa wa kunyamazishwa kirahisi. Mguu ulirudi nusu. Mkono haukurudi. Ulikaa mapajani umepoa, vidole vimejikunja, na jicho la upande ule likabaki na ukungu. Bucha likashikwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake, mtu mzima mwenye masharubu na familia. Mzee akabaki kwenye kiti cha dirishani akinuka dawa ya kuchua, na mchana, mkewe akiwa jikoni, alilia taratibu akidhani hasikiki.

Dada wa mazoezi kule hospitali ndiye aliyesema vidole vipewe kazi, kazi yoyote, hata kuchambua maharage. Sasa nyumbani kwa fundi cherehani kitu kisichokosekana ni mabaki ya vitambaa: bluu ya sare za shule, kijivu cha suruali, maua ya magauni ya watu. Mzee akasema kwa mzaha kwamba miguu yake inaona baridi, apewe sindano ajishonee blanketi la viraka, mke wa mtu amechoka kumfunika. Mama Fumua akamtungia uzi, akampa vipande viwili, akaenda zake kuinjika chai. Aliporudi alimkuta mumewe ametoa ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Sindano iko kwenye mkono mbovu, imebanwa na kidole na nusu kilichobaki na uhai, kitambaa kimeshikwa na mkono mzima, na mshono unakwenda unakotaka wenyewe.

Tangu siku hiyo kilio cha mchana kilikoma. Mzee Nyongeza alishona asubuhi, alishona akisubiri chakula, na kila kiraka alikipa jina la nyama. "Hiki sarara. Hiki kidari. Hii bluu mbavu tupu, nitamwekea mtu nisiyempenda." Alikuwa anacheka tena. Mishono yenyewe, jamani, ilikuwa balaa: mmoja mrefu kama kidole, wa pili umejificha, wa tatu umevuka mpaka na kuingia nchi ya jirani. Hakujali. Kwake kitambaa kilichoshikana na kitambaa kilikuwa ushindi, basi.

Mama Fumua alijali. Alijaribu kutotazama, akashindwa. Alijiambia wageni wakiliona blanketi lile nyumbani kwake watasemaje. Mchana mmoja, mumewe amelala usingizi wa baada ya chakula, akachukua wembe akafumua mshono mmoja, ule mbaya kuliko yote, akaurudia kwa uzi uleule. Alijitahidi kuushona vibaya kidogo ili ufanane na mingine. Mkono ulikataa. Hakuwa amewahi kushona vibaya maishani mwake, na hakujua kunaanzia wapi.

Mzee alipoamka alipapasa blanketi kwa vidole vya mkono mzima, akasita. Akapapasa tena. Akaligeuzia kwenye jicho zima.

"Mke wangu, hebu njoo. Huu nimeshona mimi?"

Hapo ndipo pa kusema. Neno moja lingetosha, wangecheka, angetaniwa mpaka jioni, mambo yakaisha. Lakini Mzee alikuwa ameshainua uso, na uso ule ulikuwa wa zamani, wa kabla ya kiharusi.

"Si unaona mwenyewe," akasema Mama Fumua.

"Mkono unarudi!" Mzee akapiga paja. "Unarudi, nakwambia! Nilikuwa nausikia unatekenya."

Basi kesho yake Mama Fumua akafumua mwingine, na keshokutwa mwingine. Mwanzoni ilikuwa ni kutovumilia tu, kero ya macho. Sasa akaiita huruma. Kila mchana alisubiri pumzi ya mumewe ibadilike, akavuta blanketi polepole kutoka magotini pake, akanyoosha mishono ya asubuhi yote. Mzee akawa anawaambia jirani, mwenye duka na kila aliyepita chini ya dirisha kwamba anapona. Aliacha kufanya mazoezi mengine aliyopewa, ya nini tena? Na mkono, haki ya Mungu, ulikuwa vilevile.

Siku moja Mama Fumua alipokwenda sokoni, Mzee Nyongeza alichukua fimbo yake akajikokota mpaka buchani. Mpwa wake anasema aliingia akitabasamu, akasalimia wateja kila mtu kwa utani wake, akasema, "Hebu sogea, mjomba wako amerudi kazini." Akashika kisu kwa mkono wa kulia, nyama kwa wa kushoto. Mpwa alisita, lakini utamzuiaje mtu ndani ya bucha lake? Mara ya kwanza kisu kilikata juujuu. Mara ya pili vidole vikalegea, kisu kikageuka, na uzito wote wa bega ukakisukuma kwenye mkono wa kushoto, ule mzima, hapo vidole vinapoanzia.

Daktari alishona kwa muda mrefu. Alisema mishipa mikubwa ya vidole imekatika na mkono ule hautakunja ngumi tena. Akamvuta Mama Fumua nje ya mlango akamwambia na jingine: shinikizo la damu limepanda vibaya, kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote.

Jioni walikuwa chumbani, Mzee kitandani na bandeji kubwa, mpwa amesimama mlangoni hajui aweke wapi mikono yake.

"Sielewi," Mzee akasema. "Sindano inanitii. Kisu kimenikataa kwa nini?"

"Kisu ni kizito, mjomba," mpwa akadakia. "Sindano kitu gani?"

Bila kujua, mpwa alikuwa amemfungulia Mama Fumua mlango wa kuukimbia ukweli. Badala yake akamwomba mpwa awaache. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda akasema yote. Hakujipunguzia. Alisema alivyosubiri usingizi wake, alivyofumua, alivyorudia. Mzee alimsikiliza akitazama dari.

"Kwa hiyo mkono haujapona."

"Haujapona."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mume wangu."

Akageukia ukutani. Kwa siku nyingi hakumsemesha. Hakuwa na mkono wa kujilishia, lakini chakula cha mkewe hakukifungulia mdomo. Ilibidi mpwa atoke buchani mchana na jioni aje kumlisha mjomba wake kijiko kwa kijiko, masharubu yakitetemeka. Mama Fumua aliosha vyombo ambavyo mpwa ndiye aliyelishia. Aliona haya, na haya yake hayakuwa na pa kwenda. Mtu aliyekosoa kazi za wengine umri wote, sasa yake mwenyewe ilikuwa inalala mbele yake na bandeji.

Mchana mmoja alilichukua blanketi, akakaa pembeni ya kitanda, akatoa wembe. Sauti ile ikaanza, trr, trr. Mgongo wa Mzee ukakakamaa.

"Unafumua nini tena wewe?" Yalikuwa maneno yake ya kwanza.

"Yangu."

Wembe ukaendelea. Mishono iliyonyooka ikatoka yote, uzi ukarundikana sakafuni, na viraka vikabaki vimetawanyika kitandani. Vilivyobaki vimeshikana vilikuwa vichache, vya siku za mwanzo na vya asubuhi ya siku ile ya bucha, vimeshonwa hovyo, na mkewe hakuwahi kuvifikia. Mzee akageuka. Alivitazama kwa muda mrefu.

"Hivyo ndivyo vyangu?"

"Ndivyo."

"Vibaya kweli," akasema Mzee Nyongeza, na mdomo wake ukapinda, sijui kwa kiharusi au kwa kicheko. "Tunga uzi."

Wakaanza upya. Yeye hakuwa tena na mkono wa kushikilia, kwa hiyo Mama Fumua alilaza kitambaa mapajani mwake akakishika kwa mikono miwili, na Mzee akachoma sindano kwa kile kidole na nusu alichonacho. Kazi iliyokuwa ya asubuhi moja ikachukua siku kadhaa. Mara nyingine sindano ilimchoma Mama Fumua, akafyonza kidole akashika tena kitambaa. Mwanzoni alifumba macho ili asione. Baadaye aliyafumbua, na siku moja akajikuta anangoja kwa hamu kuona mshono unaofuata utatokea wapi, kwani hata mwenye sindano alikuwa hajui. Hakuwahi kungoja hivyo mbele ya kitambaa. Ilikuwa furaha, akashangaa, furaha ndogo ya kijinga katikati ya harufu ya dawa na vidonda.

Ikatokea siku waliyokuwa na mwaliko. Mpwa alikuwa anaozesha binti yake, na Mama Fumua alikuwa amevaa gauni la kijani alilojishonea kwa ajili hiyo, lenye marinda yaliyopangwa kwa rula. Wakati wanasubiri gari walishona kidogo. Gari likapiga honi, Mama Fumua akainuka, na blanketi likainuka naye. Mzee, sindano bado mkononi, akavutwa nusu atoke kitini. Alikuwa amepitisha mishono yote ya asubuhi ile kwenye blanketi na kwenye gauni kwa pamoja.

"Nimekushona, mke wangu!" Akacheka mpaka akakohoa, mpaka machozi. Mama Fumua naye kicheko kikamshika, wakacheka wakiwa wameunganishwa hivyo, honi ikilia nje. Mzee ndiye aliyenyamaza kwanza. Aliutazama wembe pale dirishani, kisha gauni.

"Haya, fumua. Utachelewa."

Mama Fumua alichukua mkasi. Hakupima, hakupiga chaki. Akakata gauni kuzunguka mishono ya mumewe, kipande kizima cha mbele na marinda yake, kikabaki kwenye blanketi. Akajifunga shuka kiunoni wakaenda harusini.

Kiharusi cha pili hakikubisha hodi. Kilikuja asubuhi ya kawaida tu, na blanketi lilikuwa halijafika hata urefu wa kufunika miguu.

Mazishini Mama Fumua alivaa lile gauni la kijani, tundu mbele, sketi ya ndani ikionekana. Wanafunzi wake wa zamani walikuja wengi, sasa ni mafundi wenye maduka yao, wakawa wanatazamana na kuambizana kwa macho kwamba mama amechanganyikiwa. Mmoja akajipenyeza mpaka karibu naye, akamnong'oneza.

"Samahani, mwalimu. Gauni limetoboka. Nina pini hapa."

"Najua, mwanangu. Pini yako kaa nayo." Akamshika mkono, wakaendelea kutembea nyuma ya jeneza.