Viazi vya Mbegu Nilivyoviita Panya

Kwa muda mrefu watu wa mbali wakiniuliza mbegu iliharibikaje nilikuwa nawajibu kwamba ni joto, na kweli joto lilikuwepo, lakini aliyeiharibu ni mimi, na nilivyoumbuka mbele ya wakwe, hapa kambini Nakivale, Uganda, hakuna asiyejua.

Msimu ule kikundi chetu, wanawake wanane tuliotoka Kivu Kusini, tulipata kipande cha shamba upande wa Rugaaga, tukaleta magunia mawili ya mbegu ya viazi ulaya kutoka Mbarara, na kabla ya kupandwa ilibidi vikae ndani penye mwanga vichipue kwanza. Wenzangu wakanichagua mimi nivitunze kwa sababu nyumba yangu ina dirisha kubwa (nyumba yenyewe ni chumba kimoja na pazia katikati, lakini dirisha lipo). Nikavipanga kimoja kimoja juu ya sanduku, juu ya meza, mpaka kwenye kiti cha mume wangu, naye akawa anakula amesimama. Vikaanza kutoa machipukizi mafupi, manene, ya kupendeza, kwenye kila jicho la kiazi.

Ndipo ikaja habari kwamba familia ya mchumba wa binti yangu Furaha inakuja kutoka Mbarara kujitambulisha. Nikatazama chumba, nikaona wageni watatuchukulia kama watu wanaolala ghalani, basi nikavirudisha viazi vyote kwenye magunia, nikayasukuma chini ya kitanda, nikayafunika kwa turubai la plastiki na kulibana kwa matofali. Ilikuwa iwe siku moja tu. Wageni wakaahirisha wiki mbili, na mimi (uvivu wangu naujua) nikasema kuvitoa tena na kuvirudisha ni kujitafutia kazi, acha vikae.

Siku walipofika, bati lilikuwa linachoma, tumebanana watu kumi, wali na nyama viko mezani, na harufu ikaanza kutoka nyuma ya pazia. Wakavumilia kwa muda. Mwishowe baba mkubwa wa kijana, mkulima wa Kakiika aliyevaa suti ya rangi ya maziwa, akaniuliza kwa upole:

"Mama, hii harufu ni ya nini?"

"Ni panya, papa," nikasema. "Ilikufaka fasi fulani, hatuioni."

"Basi tuitafute. Hatuwezi kubariki chakula na maiti iko mu nyumba."

"Acha tu, papa, nitaitafuta kesho."

"Hapana, mama. Sisi ni familia sasa."

Akafungua pazia, akapiga magoti kando ya kitanda, akaondoa matofali, akavuta turubai. Gunia la kwanza lilikuwa limeoza chini, likapasuka, maji meusi yakamwagika kwenye mikono na magoti ya ile suti, na viazi vikabingirika hadi miguuni mwa wageni, vimeota machipukizi marefu meupe kama mikia. Shangazi wa kijana akainua miguu juu. Furaha akageukia ukuta.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Riziki, mwenzangu wa kikundi, aliyekuja kunisaidia kupika. Akaweka sufuria chini.

"Ile si mbegu yetu?"

Yule mzee akaokota kiazi kimoja, akakigeuzageuza, akasema, "Panya yenu iko na macho mingi, mama."

Wageni wakacheka, mume wangu naye akacheka, mimi na Mama Riziki hatukucheka. Kisha mzee akavua koti, akakaa sakafuni, akaanza kutuonyesha vya kuokoa na vya kutupa, na tulipomaliza chakula kilikuwa kimepoa na vizima havikujaza hata gunia moja.

Uchumba haukuvunjika. Kesho yake nilipita nyumba kwa nyumba kwa wale wengine sita, nikawaeleza mwenyewe kabla hawajasikia barabarani, mmoja akalia. Zaidi ya nusu ya shamba tulipanda maharage. Hawakunifukuza, ila mbegu siku hizi inatunzwa kwa Mama Riziki.

Mimi nimeapa: mgeni akija kwangu akute nyumba ilivyo, na akiuliza kinachonuka, nitamwambia jina lake.