Viti Havidanganyi

Mke wangu ana hasira na magari ya watu. Si wivu, maana gari analo, tena nadhani analipenda kuliko anavyonipenda mimi. Ni hasira ya mtu aliyetumia miaka thelathini kufumua viti vya magari na kuona kilichofichwa ndani. Karakana yetu ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, cherehani mbili za kushonea ngozi, meza ndefu, na sponji zilizopangwa mpaka darini. Mimi nakata, yeye anashona. Watu wanamwita Mama Viti. Mimi wananiita mume wa Mama Viti, nimeshazoea.

Mteja akianza kujisifu, amekwisha. Mmoja alikuja na gari linalonguruma mpaka vikombe vyetu vikatikisika rafuni.

"Mama, hili likikanyagwa linapaa!"

"Na kusimama je?"

"Kusimama?"

"Ndiyo, kusimama. Kukimbia hata mbuzi anakimbia. Unapaa kwenda wapi na barabara yenyewe imejaa matuta?"

Mwingine alileta gari la milango miwili. Mke wangu akamwuliza mama yake mzazi huwa anaingiaje kiti cha nyuma. Yule bwana akajibu kwamba mama hapandi mara kwa mara. "Basi hukununua gari," akamwambia, "umenunua koti." Ikija habari ya bei ndipo anapopandisha hasira kabisa. Husema bei ya gari huijui siku unayonunua, utaijua siku litakapokugomea njiani.

Gari lake mwenyewe tunaliita Sanduku. Lina rangi ya vumbi, paa limeinuka, mlango wa ubavuni unateleza, na viti viko usawa wa nyonga, kwa hiyo mtu mwenye magoti mabovu anakaa tu bila kujitupa. Mdogo wake wa kiume, yaani shemeji yangu, alikuwa akilicheka. "Dada, hilo ni gari au kabati la vyombo?" Yeye alipenda yale ya chini chini, yenye turbo ya kuongeza kasi. Walibishana kila walipokutana, na kila mara mke wangu alimalizia kwa maneno yale yale: rangi hudanganya, injini huoshwa, kilomita hurudishwa nyuma, ila viti havidanganyi. Aliyetunza viti ametunza gari. Ndugu zake wote wanayajua maneno hayo kama wanavyojua majina yao.

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeharibu.

Mwaka ule wa mafuriko, dalali mmoja tuliyempa jina la Mng'aro alituletea viti tupu nyuma ya pikapu. Gari lenyewe hatukuliona. Mke wangu alivua kitambaa cha kiti cha kwanza, na sponji ilikuwa na mstari wa kahawia shibiri moja kutoka chini. Harufu ya tope ikajaa chumbani.

"Viti hivi vimezama," alisema.

"Dirisha lilisahauliwa wazi, mama, mvua kidogo tu," Mng'aro akajibu huku akicheka na simu yake.

Mke wangu akavisukuma kwa mguu. Angevirudisha, namjua. Mimi ndiye niliyefungua mdomo. "Mke wangu, gari si letu. Sisi tunashona, hatukagui." Nilisema hivyo kwa sababu mwezi ule kazi ilikuwa haba, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kusikia hasira yake. Yeye akatia uzi kwenye sindano.

Alishona siku nne bila kunisemesha. Akikasirika ndipo anaposhona vizuri zaidi, na sijawahi kuona viti vilivyotoka vizuri kama vile. Ngozi bandia ya kijivu, uzi mara mbili, kona zimelala. Chini ya kiti cha dereva akaweka alama yake, msalaba mdogo wa uzi ambao huwezi kuuona mpaka upige magoti.

Wiki tatu baadaye honi ikalia nje. Shemeji yangu.

Alikuwa amepunguzwa kazini na kupewa kiinua mgongo. Mkewe figo zimekataa, anapelekwa hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, na akitoka huko hawezi kusimama kwenye foleni ya basi. Kiinua mgongo chote kilikuwa kimegeuka gari lile pale mlangoni, jeupe, linang'aa.

"Safari hii nimekusikiliza, dada," alisema, anacheka kwa furaha. "Kulikuwa na lenye turbo, nikaliacha roho ikiniuma. Nikaangalia viti kama unavyosema. Viti vya hili havina hata mkunjo! Nikasema, aliyetunza viti hivi ametunza na injini."

Mke wangu alipiga magoti, akapitisha vidole chini ya kiti cha dereva. Kisha akashika mkanda wa usalama, akauvuta, akauvuta mpaka ukagoma. Kipande cha mwisho, kile ambacho kwa kawaida hakitoki nje, kilikuwa kimekakamaa kwa tope la mafuriko.

"Viti hivi nimevishona mimi," alisema.

Shemeji aliutazama mkanda, akamtazama dada yake. "Ulijua?"

"Nilijua vimezama. Sikujua vinakuja kwako."

"Kwa hiyo vingekwenda kwa mwingine, sawa tu?"

Nilitaka kusema kwamba kosa lilikuwa langu. Nikalisema. Hakuna aliyegeuka kunitazama.

Siku ile ile tulikwenda kwenye yadi ya Mng'aro. Kulirudisha gari? Alitabasamu tu. Mke wangu alimwita mwizi mbele ya wateja, akamwita na majina mengine ambayo sikujua kama anayajua. Mng'aro alisubiri apumue.

"Mama, watu wananunua wanachokiona," akasema. "Na wanachokiona si unakitengeneza wewe?"

Nilimshika mke wangu mkono nikamtoa pale, maana alikuwa ameshaokota jiwe. Hata leo najuta kumzuia.

Gari lilifanya safari tatu. Ya nne likazima katikati ya barabara, taa zote zikafa, vioo havishuki, na mke wa shemeji amekaa humo saa mbili juani akingoja mtu wa kuwavuta. Walipofika hospitali zamu yake ilikuwa imepita. Usiku huo miguu ilimvimba, akalazwa siku mbili.

Mgonjwa alipotoka hospitali, mke wangu alichukua funguo za Sanduku msumarini. Tulikwenda nalo kwao asubuhi. Akamwekea mdogo wake funguo mkononi.

"Chukua. Na usiniambie ahsante, nitakupiga."

Hakusema ahsante. Alimleta mkewe taratibu mpaka mlango wa Sanduku. Huyu wifi ya mke wangu ni mwanamke mpole, hata siku ile alituuliza tumelalaje. Alikaa juu ya kiti bila shida, nyonga na kiti usawa mmoja, kama mke wangu alivyokuwa akituhubiria miaka yote.

Kisha akashika mkanda. Hakuufunga. Aliuvuta, akaendelea kuuvuta kwa mikono yake iliyojaa alama za sindano, mpaka ukafika mwisho. Akakigeuza kile kipande cha mwisho, akakiangalia upande huu na upande ule kama kina tope. Ndipo akafunga.

Mke wangu alimfungia mlango polepole, na tukarudi karakana kwa miguu.